Jukwaa Hufungwa, Kundi Hubaki: Jinsi Vijana wa Mtandaoni Wanavyohama na Usemi Wao

Mwaka jana niliingia ofisini kwa msimamizi wangu nikiwa na sura tatu za tasnifu na habari moja mbaya. Tasnifu ilihusu usemi wa vijana katika kundi moja la WhatsApp la hapa Kisangani, ambalo nilikuwa mwanachama wake tangu sekondari. Habari mbaya ni kwamba kundi hilo halikuwapo tena. Aliyelianzisha alipoteza simu akabadili namba, wengine wakaondoka mmoja mmoja, na siku moja nikajikuta nimebaki na watu kumi na wanne wasiosemezana. Simu yangu, iliyohifadhi ujumbe wa miaka minne, ilikuwa imelowa mvua nyumbani na fundi alishindwa kuifufua.

"Profesa, kongoo yangu imekufa," nilimwambia. Kongoo, kwa wenzangu wa mwaka wa kwanza, ni ule mkusanyiko wa matini ambao mwanaisimu huuchambua.

Alivua miwani. "Kongoo imekufa, au watu wamekufa?"

Nilinyamaza. Siku chache baadaye nilikwenda kununua mega kwenye kabini, na hapo nikamkuta kijana mmoja aliyekuwa mdogo kuliko wote katika kundi letu. Nilimuuliza wenzake wamekwenda wapi. "Yaya, balishahama," akasema. "Beko kwa TikTok, na bengine kwa Telegram." Kisha akaniaga kwa neno letu la kuagana, lile lenye silabi zilizogeuzwa, kama vile hakuna kilichotokea.

Makala haya yanajaribu kujibu swali la Profesa. Hoja yangu ni kwamba kundi la vijana linaloishi mtandaoni haliishi ndani ya jukwaa. Linaishi ndani ya namna yake ya kusema, na jukwaa ni kibaraza tu cha kukalia kwa muda. Nitaanza na Nairobi, kwa sababu vijana wa Kenya ndio mfano wa wazi kuliko wote katika Afrika ya Kiswahili, na safari yao inajulikana. Kisha nitarudi Kongo. Mwisho nitasema nini hupotea njiani, maana hapo ndipo sisi wanafunzi wa lugha tunahusika.

Matatu kabla ya mtandao

Sheng ilikuwa na majukwaa kabla ya intaneti. Usemi huu wa vijana, unaosimama juu ya sarufi ya Kiswahili na kuchukua maneno kutoka Kiingereza, Kikuyu, Kiluo na lugha nyingine, ulikomaa katika mitaa ya mashariki ya Nairobi. Chege Githiora, aliyeandika kitabu kizima juu yake mwaka 2018, anaichukulia Sheng kuwa sehemu ya Kiswahili cha Kenya na si lugha ya wahuni. Usemi huo ulisafiri kwa miguu, kwa shule na hasa kwa matatu. Matatu ilibeba maandishi ubavuni, muziki ndani, na mlangoni kondakta aliyeunda maneno kila siku. Mtu wa mtaa mmoja aliweza kusoma neno jipya la mtaa wa pili likipita barabarani.

Mwaka 2004 serikali ya Kenya, chini ya waziri wa uchukuzi John Michuki, ilitoa kanuni kali za usafiri: mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo, sare za wafanyakazi, na mstari wa manjano ubavuni mwa gari. Michoro na maandishi yakafutwa. Kwa lugha ya leo tungesema jukwaa lilifungwa. Miaka kama kumi baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliruhusu michoro irudi, na magari yakarudi na rangi kali kuliko za zamani.

Swali la kuuliza ni hili: katika miaka hiyo kumi, utamaduni ule ulikuwa wapi? Ulikuwa kwenye muziki. Kalamashaka walikuwa wameshaonyesha kwa "Tafsiri Hii" mwaka 1997 kwamba mtu anaweza kurap kwa usemi wa mtaani na nchi nzima ikasikiliza. Wakafuata wasanii wa genge, kisha redio iliyotangaza kwa Sheng, Ghetto Radio. Mwaka 2018 kundi la Ethic lilipotoa "Lamba Lolo" na gengetone ikaanza, vijana waliokuwa watoto wadogo wakati wa kanuni za Michuki waliimba kana kwamba ubavu wa gari haujawahi kupakwa rangi moja. Usemi ulikuwa umepata pa kulala.

Kutoka Mashada hadi TikTok

Mtandaoni safari imekuwa ya namna hiyohiyo, ila kwa kasi zaidi. Wakenya wengi wa mwanzo waliokutana kwenye intaneti walikutana Mashada, uwanja wa majadiliano ulioendeshwa na David Kobia. Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, matusi ya kikabila yalizidi pale mpaka Kobia akaufunga. Yeye mwenyewe akashiriki kuunda Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za ghasia kwenye ramani. Watu waliokuwa wakitaniana Mashada walitawanyika.

Miaka michache baadaye walikutana tena Twitter, na huko wakapata jina: KOT, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya Wakenya walioko Twitter. Machi 2012 kituo cha CNN kilitangaza shambulio la gruneti jijini Nairobi kwa kichwa kilichoifanya nchi nzima ionekane imewaka moto. KOT walijibu kwa alama reli #SomeoneTellCNN, wakikosoa na kucheka kwa pamoja. Julai 2015, kabla ya ziara ya Rais Obama, CNN iliiita Kenya kitovu cha ugaidi, na alama reli ileile ikafufuliwa. Mwezi uliofuata mkuu mmoja wa kituo hicho, Tony Maddox, alisafiri hadi Nairobi kuomba radhi.

Kwa mwanaisimu, jambo la kuangalia ni kwamba alama reli ya 2012 ilifanya kazi tena 2015 bila mtu kuieleza. Ilikuwa imekuwa methali. Ukiisema nusu, mwenzako anamalizia, na asiyemalizia unamjua kuwa mgeni.

Julai 2023 Twitter ikabadilishwa jina na kuitwa X. Kwa hesabu ya kawaida herufi T ya KOT ilipoteza maana siku hiyo, lakini watu wakaendelea kujiita KOT. Jambo hili halipaswi kutushangaza. Mswahili bado anaita treni garimoshi hata inapoendeshwa kwa umeme na haitoi moshi wowote. Jina likishazoeleka huacha kueleza kitu kinavyofanya kazi, na hubaki kuonyesha tu kitu chenyewe. KOT haikuwa tena "walioko Twitter", ilikuwa "sisi".

Kisha ukaja Juni 2024. Vijana wa Kenya waliupinga Muswada wa Fedha wa mwaka huo, na katika wiki chache walitumia majukwaa mengi kwa pamoja. TikTok walieleza vifungu vya muswada kwa Kiswahili, Sheng na lugha za nyumbani. Kwenye X walikutana kwa sauti, maelfu katika chumba kimoja. Wengine walipakua Zello, inayoigeuza simu kuwa redio ya upepo. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia bungeni, watu wakauawa kwa risasi, na intaneti ikayumba nchini. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi muswada huo.

Magazeti yaliwaita vijana hao Gen Z. Wazazi walipoanza kujiunga, likazuka jina Gen Zote. Hebu tulitazame neno hili kama wanafunzi wa mofolojia. Z ni herufi ya Kiingereza inayotaja rika moja. Vijana waliisikia kama kipatanishi cha ngeli, kile cha *zangu, zako, zote*. Kwa kuongeza -ote, wakafuta mpaka wa rika kwa sarufi ya Kibantu. Hakuna kamati iliyolipitisha neno hilo. Lilieleweka mara moja TikTok, X na WhatsApp kwa sababu kila msikilizaji alikuwa na sarufi hiyo kichwani.

Kinachohama

Kutokana na mifano hii naona vitu vitatu vinavyohama pale jukwaa linapofungwa, linapobadilika au linapochosha.

Cha kwanza ni kanuni. Nasema kanuni na si maneno. Maneno ya vijana hufa haraka, na ni lazima yafe. Neno ambalo mwalimu na polisi wamelijua limeshamaliza kazi. Lakini kanuni ya kuunda maneno hudumu. Sheng ina kanuni ya kugeuza silabi: *stori* inakuwa *risto*. Hivi karibuni vijana wadogo zaidi wameleta mchezo wa kupachika silabi katikati ya neno, na jina Sheng lenyewe likavutwa hadi likawa *shembeteng*. Mtu aliyejifunza kanuni hahitaji kubeba kamusi anapohama. Anafika mahali papya mikono mitupu na kuanza kufyatua maneno papo hapo, na wenzake wanamtambua kwa namna anavyofyatua.

Mfano mwingine ni *wantam*, neno lililoenea Kenya mwaka 2025 kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya muhula mmoja, likidai Rais asirudi baada ya kipindi cha kwanza. Wafuasi wake wakajibu kwa *tutam*, yaani mihula miwili. Angalia jinsi maneno haya yalivyotiwa katika matamshi ya Kiswahili, na jinsi *tutam* linavyogonga sikio letu: tu-ta-m, kama mwanzo wa kitenzi cha wakati ujao kinachosubiri mzizi. Hata ubishi wa kisiasa uliendeshwa kwa kanuni moja ambayo pande zote mbili ziliikubali.

Cha pili ni hukumu ya pamoja. William Labov, alipochunguza usemi wa wakazi wa New York, alisema jamiilugha haitambulishwi sana na watu kusema kwa namna moja, bali na kushiriki kaida zilezile za kuhukumu usemi. Katika makundi ya vijana hukumu hiyo ni kicheko. Anayetumia neno lililopitwa na wakati anachekwa. Anayelitumia neno jipya vibaya anachekwa zaidi. Majukwaa yana vitufe tofauti vya kupenda na kusambaza, lakini kicheko hakitegemei kitufe. Ndiyo maana mtu anaweza kutoka X kwenda TikTok, mahali pasipo na jamaa yake hata mmoja, na baada ya siku mbili akajua yuko nyumbani au ugenini.

Cha tatu ni watu wa milango miwili. Katika kila kuhama kuna wachache wanaokaa kwenye jukwaa la zamani na jipya kwa wakati mmoja. Hao ndio wanaochukua video ya TikTok na kuitupa WhatsApp, wanaopiga picha maneno ya X na kuyaweka Facebook kwa shangazi zao. Wao ni makondakta wa zama hizi. Wakikosekana, kundi hukatika vipande viwili, na baada ya mwaka mmoja vipande hivyo havielewani tena.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatuhusu sisi Wakongo. Mwishoni mwa 2024 Wakenya walimpa Rais wao jina la utani Kasongo, baada ya awali kumwita Zakayo kwa jina la yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia. Kasongo ni wimbo wa Kilingala wa Orchestra Super Mazembe, bendi ya wanamuziki waliotoka Zaire na kufanya makao Nairobi katika miaka ya 1970. Wimbo ulitoka 1977, ukazunguka kwenye sahani za santuri, kanda, redio na baa. Karibu miaka hamsini baadaye ukaibuka TikTok mikononi mwa vijana ambao wengi wao hawajui Kilingala. Katika wimbo mke anamlilia mume aliyemwacha. Mtandaoni limekuwa jina la mtawala anayechekwa. Mama yangu aliponiona nikitazama video hizo aliuliza Wakenya wamejuaje wimbo wa ujana wake. Nilimweleza. Alicheka, kisha akasema kwamba Kasongo wa kwanza angalau alitafutwa kwa sababu alipendwa.

Huku kwetu

Kongo ilikuwa na historia hii kabla hata ya simu. Katika miaka ya 1950, vijana wa Kinshasa waliotazama filamu za makauboi walijiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill, wakawa na mavazi, mitaa na usemi wao, Indubili. Ukumbi wa sinema ndio uliokuwa jukwaa lao. Mwaka 1988 Didier Goyvaerts alichapisha utafiti juu ya Indubili ya Bukavu, na hapo kuna jambo la kushangaza: msingi wake Bukavu ulikuwa Kiswahili, wakati Kinshasa ulikuwa Kilingala. Usemi ulikuwa umevuka nchi na kubadili hata lugha iliyoubeba, lakini ukabaki unatambulika kama kitu cha vijana wa mjini, wenye kuchanganya na kuficha.

Baadaye Kinshasa ikawa na Kilingala cha Bayanke, na Goma ikawa na Yabakrane, ambayo Nico Nassenstein ameieleza katika maandishi yake. Jina Yabakrane ni sentensi nzima ya historia yetu: *ya* ni kiunganishi, *ba* ni wingi kama tunavyosema *batu*, na *krane* ni neno la Kifaransa la fuvu la kichwa, kwa maana ya watu wenye vichwa vikali. Bayanke limeundwa kwa mtindo uleule wa *ba* na neno la kigeni. Vijana wa miji miwili iliyo mbali, wa lugha mbili, walijipa majina kwa kanuni moja.

Kundi letu dogo la Kisangani lilikuwa tawi la mti huo. Tuligeuza silabi: simu ikawa *musi*, soko likawa *koso*, na Boyoma, jina la mapenzi la mji wetu, likawa *Mayobo*. Neno likishajulikana na wazazi, tuliligeuza tena au kulitupa. Tulidhani tumevumbua sisi. Miaka baadaye, nikisoma maktabani, niliona aibu kidogo na fahari kubwa kugundua kwamba tulikuwa tumerithi.

Jaribio kubwa la kundi letu lilikuja bila kutarajiwa. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchini kote kwa siku kama ishirini. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Siku mbili za kwanza kila mmoja alikaa kwao akitazama simu iliyokufa. Siku ya tatu tulianza kutembeleana. Tulikusanyika karibu na kituo cha toleka, wale waendesha baiskeli wa abiria ambao mji wetu unajulikana kwao, na tukaendeleza utani uleule kwa mdomo. Waendesha baiskeli walisikiliza, wakadaka maneno yetu, wakaturudishia yao. Intaneti iliporudi tuliingia WhatsApp na maneno ambayo hayakuzaliwa humo. Wale waliokuwa wamesafiri hawakuyaelewa, wakachekwa kwa siku kadhaa hadi walipojifunza.

Tena, hata intaneti ikiwapo, kwetu haiwafikii wote sawasawa. Video hula mega, na mega ni pesa. Kwa hiyo mmoja mwenye uwezo hutazama TikTok, anapakua, kisha video inatembea kwa Xender kutoka simu hadi simu bila kutumia hata senti. Watu wengi wanaojua misemo ya TikTok katika mtaa wetu hawajawahi kufungua TikTok. Ukitaka kuhesabu wanachama wa utamaduni huu kwa kuhesabu akaunti, utapata idadi ya makondakta tu, si ya abiria.

Kisichohama

Nisije nikaeleweka vibaya kwamba hakuna hasara. Zipo, na ni tatu.

Kwanza, kumbukumbu hupotea. Machi 2019 MySpace ilikiri kwamba muziki uliopakiwa huko kwa zaidi ya miaka 12 ya mwanzo ulikuwa umepotea wakati wa kuhamisha mitambo. Vijana walioupakia walidhani kampuni kubwa ni sanduku salama. Kwetu hasara ni ya kila siku: tangu 2017 hali za WhatsApp hutoweka baada ya saa 24. Kundi halidhuriki, kwa sababu lina kanuni zake. Anayedhurika ni atakayetaka kujua neno fulani lilianza lini, nani alilisema kwanza, na lilikuwa na maana gani kabla halijageuka. Indubili ya miaka ya 1950 tunaijua kwa sehemu ndogo tu kwa sababu wachache waliandika wakati inasemwa. Usemi wetu umeandikwa na wasemaji wenyewe mamilioni ya mara, na huenda ukapotea zaidi ya ule.

Pili, watu huachwa. Kila kuhama kuna nauli. Kundi letu lilipoanza kukutana kwa video za moja kwa moja usiku, wasichana kadhaa walitoweka, maana nyumbani kwao simu ya usiku ni kesi. Walikuwa mafundi wakubwa wa kugeuza silabi. Nilipokwenda kuwatafuta kwa ajili ya tasnifu, mmoja aliniambia kwamba bado wanasema, wao kwa wao, wakisuka nywele. Basi tawi lao lipo, ila halionekani kwa anayetazama skrini.

Tatu, si kila kinachosalimika ni chema. Mashada ilipofungwa, chuki haikufungwa. Wakati huohuo maneno ya kuchochea yalikuwa yakisambaa kwa ujumbe mfupi wa simu. Kanuni ya kuficha maana inayowafurahisha vijana ndiyo hiyohiyo inayoweza kuficha tusi la kabila. Sisi wa mashariki mwa Kongo tunajua uzito wa jambo hili. Anayechunguza usemi wa vijana asijifanye kasuku wa kusifu kila neno jipya.

Tufanye nini sisi wa kitivo

Nilirudi kwa Profesa na jibu: kongoo imekufa, watu wako hai, na kanuni wanayo wao. Alinitaka nianze upya kukusanya data, na safari hii nisikusanye ujumbe tu. Sasa nina daftari tatu. Katika la kwanza naandika neno, tarehe, mahali nilipolisikia na jukwaa ambalo msemaji anadai limetoka. Katika la pili naandika kanuni: limegeuzwa, limekatwa, limepachikwa au limekopwa. Katika la tatu naandika nani alicheka na kwa nini. La tatu ndilo gumu zaidi, nalo ndilo linalonifundisha zaidi.

Nawashauri wenzangu wanaochunguza mitandao wafanye mambo mawili. Msiweke tumaini lenu kwenye simu moja wala kwenye kampuni yoyote. Andikeni kwa mkono, na ombeni ruhusa ya wasemaji kabla ya kuandika. Na msitangaze kifo cha kundi kwa sababu mlango mmoja umefungwa. Sisi wa Kisangani tunapaswa kuwa wa mwisho kukosea hapo. Kiswahili chetu kililetwa huku na misafara ya wafanyabiashara katika karne ya 19, siku za Tippu Tip. Misafara ile ilikwisha, njia zake zikaota majani, na sisi bado tunakisema.

Wiki iliyopita nilikuwa tena kwenye kabini, daftari mkononi. Walikuwapo vijana watano, wote wadogo kuliko mimi. Nikawaambia, kwa kujiamini, kwamba *musi* yangu haina chaji. Walitazamana. Kisha mmoja wao, msichana wa miaka kama kumi na sita, akanionea huruma.

"Yaya," alisema, "iyo ni ya bazee."

Wote walicheka. Nilifungua daftari la tatu, nikaandika tarehe.